Mangi ndiye wa kwanza kujua huna kazi

Kazi yangu iliisha Jumanne moja ya mwezi wa nane, 2022. Jumatano asubuhi nikaamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa sare, nikapanda daladala ya Kariakoo, nikashuka Mnazi Mmoja na kukaa bustanini hadi saa tisa. Nilifanya hivyo wiki tatu nzima. Ukijumlisha nauli, maji na andazi la hapa na pale, nilitumia kama theluthi ya kodi ya mwezi ili majirani zangu wa Tabata wasijue kwamba nipo nipo tu.

Wa kwanza kujua alikuwa Mangi wa duka la kona. Sikumwambia, alisoma kwenye manunuzi yangu. Mtu aliyezoea kubeba unga kilo tano na mafuta lita moja kila mwanzo wa mwezi, ghafla anakuja na kichupa cha soda apimiwe mafuta ya mia tano na unga nusu kilo. Siku ya nne akafungua daftari, akaandika jina langu juu ya ukurasa mpya, akanipitishia kwenye nondo unga kilo mbili na maharage nusu. "Dada, kazini kuna nini?" Aliuliza kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na mtoto pembeni ametumwa kiberiti. Nikaanza kulia palepale dirishani.

Nayaandika haya kwa sababu wiki hii mdogo wangu mmoja tuliyekuwa naye kazini, stoo, kanipigia simu. Naye wamempunguza. Nikamwambia nitayaweka yote kwa maandishi, apate na mwingine.

Mdogo wangu, kabla ya kitu chochote: usisaini karatasi ukiwa na presha. Mimi siku ile niliwekewa mezani barua iliyokwisha chapwa, inasema naomba kuacha kazi kwa hiari yangu, nikaambiwa nikisaini hela yangu itatoka haraka. Nikasaini. Hela ilitoka haraka kweli, ila ilikuwa mshahara wa siku nilizofanya kazi, basi. Kumbe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 halafu kazi ikakatishwa bila yeye kutaka, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha mwenyewe hapati, na barua yangu ilikuwa inasema nimeacha mwenyewe. Kiinua mgongo cha kisheria, kile cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza, nacho kikaenda na saini hiyohiyo.

Ningeweza kulalamika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanatakiwa yafike ndani ya siku 30. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu aliponieleza hayo ilikuwa siku ya 41. Akaniambia muda unaweza kuombewa nyongeza ukiwa na sababu ya msingi. Ananiuliza, ulikuwa wapi siku zote hizo? Nilikuwa Mnazi Mmoja, nimevaa sare.

Aibu ndiyo iliyonigharimu kuliko kufukuzwa kwenyewe. Kwa hiyo ukitoka hapo, sema. Sisemi uwatangazie watu wa daladala, maana kuna majirani ambao shida yako kwao ni stori ya kibarazani. Chagua watu wanne watano, na kila mmoja mwombe kitu kimoja kinachojulikana. Ukimwambia mtu "nisaidie, hali ni ngumu", atakuambia pole, na pole haiivishi ugali. Ukimwambia mwenzako wa mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, "naomba unipishe namba yako, wewe uchukue yangu", hapo ana jambo la kujibu.

Mimi ndivyo nilivyofanya. Mchezo wetu ulikuwa wa watu 12, elfu ishirini kila wiki, na mimi nilikuwa namba 10. Nikamfuata kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo, nikamweleza kweli yote. Akaongea na mwenye namba 4, mama mmoja muuza vitenge ambaye hakuwa na haraka, akakubali tubadilishane. Nikapokea 240,000. Lakini sikiliza: ukipokea mapema, wiki nane zinazobaki bado unadaiwa elfu ishirini yako, na hapo ndipo wengi wanapohama mtaa usiku. Kama huna pa kuitoa, usiombe kupishwa. Kijumbe alikubali kwa sababu miaka mitatu sikuwahi kuchelewesha. Hiyo akiba huwezi kuiweka ukishaanguka.

Kodi. Hapa Dar unajua mwenyewe, mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, na ukihama dalali naye anataka ya mwezi mmoja yake. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa kumi, chumba na sebule, elfu themanini kwa mwezi. Miezi sita ni 480,000, na kuhama kungeongeza elfu themanini ya dalali na hela ya kirikuu ya kubebea vitu. Nikamwendea mama mwenye nyumba mwezi mmoja kabla, jioni, baada ya kula. Usimfuate mwenye nyumba asubuhi akiwa na hesabu zake. Nikamwambia: mama, shikamoo, kazi sina, lakini nyumba yako naitaka, nipokee miwili miwili hadi nisimame. Akanuna. Siku mbili hakunijibu hata salamu vizuri. Ya tatu akaniita, tukaandikiana karatasi, mjumbe wa mtaa akiwa shahidi, nakala moja kwake na moja kwangu. Nikampa 160,000 kutoka kwenye mchezo, na elfu themanini iliyobaki ikawa mtaji wa vitumbua.

Chakula kilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, nikishavua kiburi. Mama ntilie aliyekuwa anapikia mafundi kwenye jengo karibu na kituo alinichukua kumenya, kuosha na kupuliza moto, saa moja hadi saa nane. Mshahara hakuna, ila wanangu wawili walikula mchana, na kilichobaki nilifunga kwenda nacho nyumbani. Jumuiya yetu ya kanisani nayo iliniweka kwenye orodha ya wa kusaidiwa baada ya sala ya Jumamosi. Wakaja na mchele, sabuni na elfu kumi na tano. Jirani yangu wa Kiislamu alipata kama hivyo msikitini kwake. Niliona haya kupokea. Halafu nikakumbuka ni mara ngapi nimechanga kwenye misiba ya watu ambao sura zao sizikumbuki.

Kuna mlango mmoja usiuguse: mikopo ya kausha damu. Watakufuata wenyewe, wana mabango hadi kwenye nguzo za umeme. Wanachukua kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, au wanaorodhesha vitu vya ndani, na riba inahesabiwa kwa wiki. Jirani yangu walimtolea friji na televisheni mchana kweupe, watoto wakiwa wanaangalia katuni. Kama lazima ukope, dai uone leseni ya Benki Kuu na mkataba wa maandishi, ukae nao usiku mmoja kabla ya kusaini. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo ni nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, ni kitu kizuri, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa na andiko la mradi, tena ina mzunguko mrefu. Ianze taratibu ukiwa na pa kulala. Njaa ya wiki hii haiwezi kuisubiri.

Nyumbani nilichelewa kuliko kote. Mama nilimdanganya hadi mwezi wa kumi na moja kwamba niko likizo. Kaka yangu alipojua hakuniuliza neno, alipakia gunia la mahindi kwenye basi kutoka Makambako, nikalipokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, alfajiri. Debe moja nikampelekea Mangi akate kwenye deni. Akalipima kwa mzani wake, akapiga mstari kwenye ukurasa wangu, akaandika salio jipya chini: 11,400. Niliimaliza mwezi wa pili, kwa hela ya vitumbua.