Shilingi ya simba ya 1924: mwangalie simba kabla ya kuangalia mwaka

Ndugu, umeuliza kama shilingi ya simba ya 1924, ile sarafu ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni uliyoachiwa na babu yako, ni kweli ina thamani ya milioni moja, kama ulivyoambiwa na mtu wa Facebook. Haina. Na mtu huyo akikuomba ada ya usajili ndipo akuunganishe na mnunuzi, usimtumie hata senti. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.

Nakusanya sarafu za Afrika Mashariki hapa Nairobi kwa miaka mingi, na hiyo ya 1924 ni kati ya zile ninazoletewa mara nyingi zaidi. Zilipigwa chapa kwa mamilioni. Fedha, yaani madini ya silva, iliyomo nayo ni kidogo: shilingi za 1921 hadi 1946 zina uzito wa gramu 7.78 hivi, na robo tu ndiyo fedha. Hiyo haifiki gramu mbili, kwa hiyo sonara hawezi kukutajirisha. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli.

Kilichobaki ni hali yake, na hapo ndipo bei inapopanda au kuanguka. Nunua lenzi ya fundi saa na mizani ndogo ya gramu. Shika sarafu kwa ukingo, uinamishe kidogo chini ya mwanga wa dirishani, kisha uanze na simba. Sehemu zilizoinuka ndizo hulika kwanza: manyoya ya shingo, uso, ubavu. Ukiona nyuzi za manyoya moja moja, una kitu kizuri. Ukiona simba laini kama sabuni iliyotumika, hata tarehe iwe inasomeka vizuri, hiyo ilizunguka sana sokoni. Geuza upande wa Mfalme George wa Tano: angalia nyusi, masharubu na vito kwenye mkanda wa taji. Wakusanyaji hupima kwa kipimo cha Sheldon, 1 hadi 70, na kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikuwahi kutumika. Nyingi zinazotoka kwenye makopo ya wazee wetu ziko mbali sana na 60.

Tafuta pia majeraha: ukingo uliogongwa, alama ya kulehemu, tundu lililotobolewa ili ivaliwe shingoni. Tundu moja huondoa sehemu kubwa ya bei.

Na tafadhali, USIISUGUE. Si kwa majivu, si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno. Inaniuma sana kuona sarafu iliyotunzwa miaka tisini ikiharibiwa jioni moja ili ing'ae. Ule weusi ni ngozi yake, na mnunuzi mzoefu huitambua iliyosuguliwa papo hapo kwa mikwaruzo myembamba. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi, kisha iweke juu ya kitambaa cha pamba ikauke yenyewe.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni senti tano na senti kumi za 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huo huo, hivyo watu hudhani ni adimu. Historia yake ni tamu, lakini ziko tele, na zilizochakaa huuzwa bei ndogo. Ukiona herufi H au KN kwenye sarafu, hizo ni alama za Heaton na Kings Norton, viwanda vya kupiga chapa sarafu huko Birmingham, Uingereza. Ziandike unapotafuta bei, maana mwaka mmoja unaweza kuwa na matoleo kadhaa.

Bei yenyewe itafute kwenye minada iliyokwisha, uone watu walilipa nini kwa sarafu ya hali kama yako. Bei ambayo muuzaji ameweka kwenye tangazo haithibitishi chochote. Yeyote anaweza kuandika milioni.

Weka hapa picha za pande zote mbili, bila flashi, pamoja na uzito wake. Manyoya ya simba yakionekana vizuri, nitakuambia iko daraja gani.