Sekunde 40 za giza: kwa wewe unayetaka kuwasha moto wa michezo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Anasomea uhandisi, na ndoto yake ni kubuni ule moto mkuu unaowashwa siku ya ufunguzi wa michezo ya kimataifa. Anauliza aanzie wapi. Nimekaa na ujumbe wake siku tatu bila kujibu, maana umenitonesha kidonda.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo. Nani asiyeitaka?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa fundi wa gesi kwenye mashindano ambayo sitayataja. Michoro, vibali na vikao visivyoisha nayaruka. Kilichoniponza ni ule moto mdogo wa kuanzishia, unaowaka chini kwa chini kabla gesi yenyewe haijafunguliwa. Mkubwa wetu alidai unaonekana gizani, unawaharibia watu mshangao, upunguzwe. Nilijua si sawa. Nikaupunguza.

Mazoezi yote tulifanya mchana, hali ya hewa shwari. Usiku wenyewe upepo ukavuma, moto mdogo ukazimika, na vali ya usalama, inayokata gesi moto huo ukizimika, ikajifunga, kama ilivyopaswa. Mwanariadha akapanda ngazi, akausogeza mwenge kwenye chungu, lile bakuli kubwa la moto. Kimya. Sekunde 40 nzima uwanja umejaa watu, na mimi nabonyeza kitufe kisichojibu. Hatimaye moto ukawaka, vifijo vikapigwa, sifa zikaenda kwa mbunifu. Ripoti ya ndani ilikuwa na jina moja tu, langu. Mkubwa wetu hakukumbuka kikao kile. Mimi nakumbuka hadi rangi ya kikombe alichokuwa anakunywea.

Tangu hapo nikaanza kufuatilia mikosi ya wenzangu kwenye Olimpiki. Montreal 1976 mvua iliuzima moto, mtu akaurudisha kwa kiberiti cha gesi! Ikabidi uzimwe tena, uwashwe upya kwa moto wa akiba uliotoka Olympia, kule Ugiriki moto wa Olimpiki unakoanzia. Sydney 2000, mkimbiaji Cathy Freeman alishawasha duara la moto lililoinuka kumzunguka kutoka majini, kisha likakwama dakika kadhaa kabla ya kupanda juu, naye amesimama pale ameloa. Vancouver 2010, nguzo moja kati ya nne za chungu iligoma kuinuka, Catriona Le May Doan, mwanariadha wa kuteleza kwenye barafu aliyepaswa kuiwasha, akabaki na mwenge mkononi. Siku ya kufunga waliifanyia mzaha nguzo ileile, ikainuka, naye akaiwasha. Huo ndio uungwana. Mimi sikufanyiwa mzaha, niliandikiwa barua.

Lakini moto ninaourudia kuutazama ni wa Barcelona 1992. Antonio Rebollo, mpiga upinde wa Paralimpiki, michezo ya wanariadha wenye ulemavu, alirusha mshale wa moto, dunia nzima ikadhani umetua ndani ya chungu. Haukutua. Ulipita juu yake ukaangukia nje ya uwanja, na ndivyo ilivyopangwa: gesi ilikuwa imeshafunguliwa, mshale ulitakiwa kukatiza tu katikati yake. Mtu amelenga shabaha gizani mbele ya dunia, na waliobuni wakampa nafasi ya kukosea kidogo bila aibu. Mdogo wangu, buni hivyo. Mwenye mwenge anatetemeka, pumzi zimemwishia, usimdai usahihi wa daktari wa upasuaji.

Teknolojia mpya nayo isikulevye. Tokyo walitumia haidrojeni, ambayo mwali wake karibu hauonekani kwa macho, hivyo ilibidi wautie rangi ya njano kwa kabonati ya sodiamu. Paris 2024 kwenye chungu hawakuwasha moto kabisa: ukungu wa maji na taa za umeme, chini ya puto. Wapo waliosema huo ni uongo. Mimi nilipiga makofi peke yangu sebuleni, hakuna vali pale ya kujifunga.

Basi fanya mazoezi usiku. Fanya mazoezi kwenye upepo. Uzime moto wa kuanzishia makusudi uone mnahitaji sekunde ngapi kuurudisha, na mwenye mwenge aambiwe mapema afanye nini wakati huo. Kila agizo la mkubwa lidai kwa maandishi. Narudia, kwa maandishi. Akikasirika, mwache akasirike, kisha mwombe tena.

Uliuliza pia kuhusu malipo. Mimi bado nawadai.