Moyo Utatulia Ukiwa Umeshafika

Wadogo zangu, Alhamisi iliyopita kwenye sala ya asubuhi ya sinagogi tulikuwa wanane, na sisi Wayahudi tunahitaji watu kumi ili sala ya pamoja itimie. Wawili wenu walinitumia ujumbe: mmoja kaachishwa kazi, mwingine mtoto wake amelazwa. Wote wawili wakaandika, "Nitarudi moyo ukitulia." Nawapenda, lakini maneno hayo nayajua. Niliyasema mwenyewe, na yakamuumiza mtu.

1. Msingoje moyo utulie. Mwaka ule mama yangu aliugua figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nikifungua siduri, kitabu chetu cha sala, naona herufi tu. Nikajiambia kwamba kusema "Utuponye, nasi tutaponyeka" bila kuamini ni unafiki, nikaacha kwenda. Wiki ya tatu, asubuhi moja, walifika tisa. Mzee mmoja alikuwa kwenye mwezi wa 11, wa mwisho, wa kumsomea marehemu baba yake Kadishi, sala ya mfiwa isiyosemwa bila watu kumi; siku zinahesabika. Walingoja mpaka jua likapanda na watu wakatakiwa kazini. Akakunja taliti yake, shali ya sala, akaondoka bila kuisema. Mimi nilikuwa nyumbani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nimekaa ukingoni mwa kitanda.

Jioni akanipigia. Hakutaja ya asubuhi hata kidogo. Aliuliza jina la mama yangu, na jina la mama yake mama, apate kumtaja katika Mi Sheberakhi, sala ya kuwaombea wagonjwa. Koo lilinikaba, nikashindwa kumjibu.

Kesho yake nilikwenda, imani bado sina. Hakuna aliyeniuliza naamini nini; alihitajika wa kumi. Mzee akasimama, nikaitikia Amina zake zote. Kadishi haitaji kifo popote: aliyefiwa anamtukuza Mungu, na wenzake wanamshika kwa kuitikia. Mimi nilianza kuamini tena kwa kuitikia hivyo, asubuhi baada ya asubuhi.

2. Shida zako zitaje kwenye Shomea Tefila, baraka ya kumwomba Mungu asikie sala iliyo ndani ya Amida, sala yetu kuu ya kusimama; zitaje kwa lugha uliyolelewa nayo.

3. Ukilia ndani ya Amida, endelea. Tunainong'ona kwa kumfuata Hana, aliyeomba kule Shilo na uchungu rohoni, midomo ikitikisika bila sauti, hata kuhani Eli akamdhania mlevi.

4. Wazee wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, kule Mbale waliomba kwa kujificha Idi Amin alipowapiga marufuku. Sidhani kama kuna asubuhi waliamka mioyo imetulia.

Alhamisi hii tunaanza saa kumi na mbili na nusu, na kuna dada yetu mwenye Kadishi. Wewe uliyeachishwa kazi, nitakupitia na gari. Na wewe wa hospitali, kaa na mwanao. Nitumie jina lake na la mama yake.