Maswali na majibu: Msimamizi, tasnifu na mkate baada ya nyota

Wiki hii barua nyingi ni za watu wa astrofizikia. Yule aliyeuliza kama mwanawe mwenye nyota ya Nge aoe mwaka huu amekosea mlango. Waliobaki, karibuni.

Nimepata nafasi ya shahada ya uzamivu. Nichague profesa mwenye jina kubwa ambaye kila mara yuko safarini, au mhadhiri asiyejulikana? (Mwanafunzi, Mbarara)

Stephen Hawking, mwanafizikia maarufu wa baadaye, alipofika Cambridge mwaka 1962 alitaka asimamiwe na Fred Hoyle, aliyekuwa na jina kuliko wanaastronomia wote wa Uingereza siku zile. Hoyle alikuwa na wanafunzi wa kutosha. Hawking akapewa Dennis Sciama, mtu ambaye hakuwahi hata kumsikia, na moyo ukamvunjika. Baadaye alikiri kwamba ile ilikuwa bahati: Hoyle alikuwa haonekani kwa safari, Sciama alikuwapo, tena yuko tayari kubishana. Mikononi mwa Sciama huyohuyo walipita George Ellis, Brandon Carter na Martin Rees, majina makubwa katika elimu ya ulimwengu. Uliza leo Sciama aligundua nini, wengi watakwama. Uliza alimlea nani, vidole havitatosha.

Kwa hiyo muache profesa kwanza, watafute waliomtangulia kwako. Chukua majina ya wanafunzi wake watano wa mwisho, uwaandikie: mlimaliza kwa miaka mingapi? Rasimu ya sura ilikuwa inakaa kwake siku ngapi? Sasa hivi mko wapi? Anayejibu la kwanza na la tatu akaruka la pili, naye amekujibu.

Msimamizi anasema namba zangu haziwezekani, anataka nizilainishe kwenye tasnifu. Nimezihakiki mara nne. (Nairobi)

Hakiki nne za mtu yuleyule ni hakiki moja. Mpe mwenzako programu na data ghafi, aiendeshe upya bila wewe kukaa pembeni unamwelekeza. Mimi niliwahi kusherehekea ugunduzi kwa siku mbili nzima, kumbe nilichanganya megahezi na gigahezi.

Zikisimama baada ya hapo, usizilainishe. Mwaka 1925 Cecilia Payne, akifanya kazi Harvard, alikokotoa kwamba nyota kwa sehemu kubwa kabisa ni haidrojeni. Wakati huo wakubwa waliamini Jua limeumbwa kwa mchanganyiko uleule wa Dunia. Henry Norris Russell wa Princeton, ambaye neno lake lilitosha kumfungulia au kumfungia kijana mlango, akamwambia haiwezekani. Payne akaingiza maneno kwenye tasnifu yake kwamba kiwango kile karibu hakika si cha kweli. Mwaka 1929 Russell alifika palepale kwa njia nyingine. Aliitaja kazi ya Payne, lakini kwa miaka mingi sifa zilimwendea yeye.

Ona alichofanya Payne, pamoja na yote: jedwali hakulitoa. Namba zilibaki kwenye karatasi, na ndizo zinazomtetea hadi leo. Nawe weka jedwali lako lote, eleza njia, halafu shaka ya msimamizi iandike kwa jina lake, kama shaka, katika aya yake.

Nani awe mwandishi wa kwanza wa makala? (Msomaji, Kigali)

Aliyechambua na kuandika. Kubalianeni kabla ya kuanza, kwa barua pepe, si kwenye chai. Makala ya mwaka 1968 iliyotangaza pulsa, yaani nyota zinazotuma mapigo ya redio kwa mpangilio, ilianza na jina la Antony Hewish. Jocelyn Bell, mwanafunzi wake aliyekagua mita kwa mita za karatasi za kinasa hadi akaona alama ile ya ajabu, alikuwa wa pili. Nobeli ya 1974 ikaenda kwa Hewish na Martin Ryle. Mwaka 2018 Bell alipewa tuzo ya dola milioni 3, akaitoa yote isomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yanayoachwa nyuma.

Binti yangu ni daktari wa nyota lakini yuko benki, anapima hatari ya mikopo. Nimlaumu profesa wake? (Baba, Tanga)

Shikamoo mzee. Tupige hesabu kidogo. Mwanafizikia wa nyota Subrahmanyan Chandrasekhar alisimamia wanafunzi zaidi ya 40 huko Chicago. Alipostaafu aliacha kiti kimoja. Wangetaka wote warithi kiti kile, wangekaliana mapajani. Binti yako amefundishwa kutoa ishara hafifu ndani ya kelele nyingi, na kusema waziwazi hana uhakika kiasi gani. Benki inamlipa kwa hilo hilo. Profesa mlaumu ikiwa aliacha kupokea simu zake siku aliposikia anakwenda benki. Wapo wa namna hiyo.

Mwanafunzi wangu wa kwanza anamaliza mwakani. Nimsaidieje apate kazi ya utafiti? (Mhadhiri, Dodoma)

Umechelewa kidogo, lakini si sana. Nafasi nyingi za utafiti baada ya uzamivu, Marekani na Ulaya, hufunga maombi kati ya Oktoba na Desemba, kazi ianze karibu na Septemba inayofuata. Maana yake barua za mapendekezo ziandikwe kabla tasnifu haijakauka wino.

Kwa kawaida huombwa barua tatu, na ya kwako ndiyo inayosomwa kwanza. "Ni mchapakazi na mwadilifu" hata mlinzi wa geti anastahili. Andika alichofanya: alisafisha data za antena ngapi kati ya 64 za MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, kosa gani aliliona ambalo wewe hukuliona, sura ipi aliiandika bila kusaidiwa.

Halafu itume. Zamani barua ya kunipendekeza mimi ilifika wiki moja baada ya siku ya mwisho. Nilijua kwa katibu wa huko, aliyenionea huruma akanipigia simu. Aliyepaswa kuituma hakunitajia neno. Ukishatuma, mjulishe kijana siku hiyohiyo.