Majina ya Kanda za Saa: Maswali kutoka Kigoma na Tabora

Natengeneza programu ya ratiba za boti za mizigo hapa Kigoma. Orodha ya kanda za saa inaandika "Africa/Dar_es_Salaam", na wateja wananiuliza kwa nini wachague Dar es Salaam ilhali wako Kigoma. Je, nilibadilishe jina hilo?

Ndani ya programu liache kama lilivyo, lakini kwenye skrini usilionyeshe. Hicho ni kitambulisho kutoka hifadhidata ya kanda za saa inayotunzwa na IANA, taasisi inayoratibu namba na majina ya intaneti, na kazi yake ni kuiongoza mashine. Mteja mwandikie "Saa za Afrika Mashariki", jina ambalo tayari limo katika CLDR, hazina ya majina yaliyotafsiriwa ya Unicode, shirika la viwango vya maandishi ya kompyuta. Tena, kwa kuwa Tanzania nzima hutumia ukanda mmoja, aliyekwisha kuchagua nchi hana haja ya kuulizwa swali la pili.

Kwa kazi ya ziwani, hata hivyo, naona jina la mji ndilo lenye manufaa zaidi. Bujumbura (Burundi), Kalemie (Kongo) na Mpulungu (Zambia) ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo andika "saa za Kigoma" mbele ya muda wa kuondoka na "saa za Kalemie" mbele ya muda wa kufika. Usiandike "saa za Kongo", kwa maana nchi hiyo ina kanda mbili, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa mbili.

Je, haitoshi kuandika EAT (kifupisho cha Saa za Afrika Mashariki kwa Kiingereza) au +3 (saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia)? (Tabora)

Haitoshi. Vifupisho hugongana: CST hutumika Marekani, China na Cuba kwa saa tofauti. Nayo tofauti ya saa hubadilika serikali ikiamua, kama Sudan Kusini ilivyotoka +3 kwenda +2 tarehe 1 Februari 2021. Kikao cha Juba cha mwezi uliofuata, kama kilikuwa kimehifadhiwa kwa +3 pekee, kingeonekana saa moja kabla ya wakati wake. Hifadhi saa ya mahali pamoja na kitambulisho cha ukanda.

Mama yangu akiona "07:00" husoma saa saba. Je, niunde ukanda wa saa wa Kiswahili? (Urambo)

Tafadhali usiunde. Saa moja asubuhi na 07:00 ni wakati uleule katika ukanda uleule. Kinachotofautiana ni namna ya kuuhesabu. Ukibuni ukanda ulio nyuma kwa saa sita, miadi ya saa nane usiku itaangukia tarehe ya jana, na kengele italia siku isiyo yake. Acha hesabu ya ndani ibaki ileile, kisha wakati wa kuonyesha tu ubadilishe maandishi yawe "saa 1:00 asubuhi". Neno asubuhi, mchana, jioni au usiku lisikosekane kamwe, na pembeni weka 07:00 kwa herufi ndogo, ili mama na mjukuu wake wasome miadi moja.