Wasomaji Wauliza: Puto kwenye Anga la Titan

SWALI: Mwenzangu darasani anashikilia kuwa puto litaelea kwa urahisi Titan, ule mwezi mkubwa wa Zohali, kwa kuwa mvutano wake ni mdogo. Ni kweli? Na moto wa kupasha hewa utawakaje pasipo oksijeni? — Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Litaelea kwa urahisi, ila sababu siyo hiyo. Mvutano wa Titan ni kama sehemu moja ya saba ya wetu, lakini hupunguza uzito wa mzigo na nguvu ya hewa inayoubeba kwa kiasi kilekile. Faida haipo hapo. Ipo kwenye uzito wa hewa yenyewe. Meta moja ya ujazo ya hewa ya Mombasa ina kilo 1.2 hivi, ya Titan, karibu na ardhi, kilo 5.4, kwa kuwa shinikizo ni mara moja na nusu ya letu na baridi ni nyuzi 179 chini ya sifuri. Kuinua kilo 100, puto likiwamo, hapa pwani kunataka meta za ujazo 100 za heliamu, gesi nyepesi kuliko hewa. Kule 22 zatosha.

Moto hauhitajiki. Plutoniamu, metali yenye mnururisho, hutoa joto bila kuungua: kifaa cha wati 2,000 za joto hugeuza kama wati 110 kuwa umeme, na joto lililobaki hupasha hewa ya puto. Puto la kipenyo cha meta 10, hewa yake ikizidi ya nje kwa nyuzi 10 tu, huinua karibu kilo 270. Mombasa nyuzi hizohizo huinua kama 20.

Sisi tungechagua hewa moto. Puto la gesi likitoboka, hata tundu la sindano, gesi iliyotoka hairudi. La hewa moto liko wazi chini na hujijaza lenyewe. Hatari kubwa ni kulikunjua: plastiki ya kawaida kwenye baridi ile hupasuka penye mikunjo, na puto lazima lijazwe chombo kikiwa bado kinashuka kwa mwavuli.

Ukitaka kulielekeza kwa rafadha, zingatia umeme: kuongeza kasi maradufu hula nguvu mara nane. Nalo lijiongoze lenyewe, maana amri kutoka duniani hufika baada ya zaidi ya saa moja.