Salfa inaisha kabla ya mikorosho: nifanyeje kila mti upate kipimo sawa?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina mikorosho 180 huku Nachingwea, yote mikubwa. Mzunguko wa kwanza wa kupulizia nilichukua mifuko miwili ya salfa ya unga, ya kilo 25 kila mmoja, nikaweka vijana wawili wanaopokezana mashine moja. Salfa imekwisha kwenye mti wa 140. Kuna miti imekuwa ya njano mpaka shina, na mingine nikipangusa jani kwa kidole sioni kitu. Fundi anasema mashine imechoka, ninunue nyingine. Ni kweli? Na ile 40 iliyokosa, nikipata salfa niizidishie ili ifidie?

JIBU: Marahaba mama. Mashine usinunue kwanza.

Tuanze na hesabu. Mkorosho mkubwa unahitaji gramu 250 za salfa ya unga kwa mzunguko mmoja, yaani mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100. Miti yako 180 ilihitaji kilo 45, nawe ulikuwa na 50. Ukigawa kilo 50 kwa miti 140 unapata karibu gramu 360 kwa mti, na hiyo ni wastani tu. Ile iliyogeuka njano mpaka shina huenda ilipata nusu kilo, na jirani zake wakapata vumbi la kupita. Ubwiriunga, yaani ule ukungu mweupe tunaoupulizia salfa, hauangalii wastani wa shamba. Unashambulia shada la maua ambalo halikufikiwa.

Mashine ya kupulizia haipimi uzito. Inachofanya ni kuruhusu unga upite kwenye tundu, na hewa iusukume nje. Unga ukiwa mwepesi na mkavu unapita vizuri. Ukishindiliwa au ukishika unyevu unaganda juu ya tundu, unakatika, halafu unashuka wote kwa mkupuo. Jaribu hili nyumbani: jaza kopo salfa mpaka ukingoni bila kulitikisa, kisha ligonge mezani mara kadhaa. Utaona unga umeshuka na kuacha nafasi juu. Sasa fikiria mfuko uliotikiswa kwenye bodaboda kutoka chama cha msingi mpaka shambani. Kwa hiyo anayekuambia "kopo moja kwa mti" hajakupa kipimo, maana kopo la salfa iliyoshindiliwa lina gramu nyingi kuliko la salfa iliyochekechwa. Pima kwa mizani. Hata mizani ndogo ya jikoni inafaa, ila ihakikishe kwanza: nunua sukari kilo moja kwenye duka lenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, kisha ipime kwenye yako. Iweke mahali tambarare pasipo na upepo.

Kabla ya kujaza tangi, pitisha salfa kwenye chekecheo la unga ili mabonge yabaki juu. Mfuko uliofunguliwa ufungwe mdomo na ulazwe juu ya mbao, si sakafuni. Jazeni tangi mahali pa wazi, si chini ya mkorosho unaodondosha umande. Mashine iwe imezimwa na asiwepo mwenye sigara karibu, kwa sababu vumbi la salfa linashika moto kwa cheche ndogo.

Sasa kazi yenyewe. Pima kilo 5 na uziweke kwenye tangi. Hizo ni za miti 20. Kijana afungue mkono wa salfa, yaani kishikio kinachofungua na kufunga tundu la unga, kwenye alama ya chini, apandishe resi mpaka mwisho, na resi ibaki hapo hapo muda wote anaopuliza. Kijana anayecheza na resi hata umpe mashine mpya hatakupa kipimo sawa, kwa kuwa hewa ikipungua na unga unapungua. Apulize mti mmoja mmoja huku wewe ukihesabu sekunde kwa simu. Salfa ikiisha kwenye mti wa 14, punguzeni sekunde au rudisheni mkono alama moja. Ikifika mti wa 20 na bado ipo, ongezeni. Rudieni mpaka kilo 5 ziishe kwenye mti wa 20 au jirani yake, kisha tia alama ya rangi pale mkono uliposimama na uziandike sekunde hizo. Fanya hivyo kwa kila kijana peke yake, kwa sababu mwendo wa mmoja si wa mwenzake. Kama kuna miti midogo, isihesabiwe humo. Yenyewe inahitaji pungufu.

Tangi likijaa sana unga wa chini unabanwa, na likikaribia kuisha unatoka kwa kukohoa. Ndiyo maana napendelea kilo 5 kila mara kuliko kujaza mpaka juu, na kabla haijaisha kabisa jazeni tena kilo 5 nyingine.

Kuna upotevu mmoja ambao naamini ndio uliokula mfuko wako. Miti iliyopandwa kwa nafasi inayoshauriwa ina mita 12 kati ya mmoja na mwingine. Kijana akitembea umbali huo mkono ukiwa wazi, salfa inaishia kwenye nyasi, na kwenye mchanga wetu huu salfa iliyozidi inaongeza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka. Afunge mkono kila anapoondoka kwenye mti. Hapo ndipo utakapoijua mashine: mkono ukiwa umefungwa na resi iko juu, tazama mdomo wa bomba. Kama bado unatoa moshi wa njano, mkono haufungi, na hicho ndicho cha kumwambia fundi atengeneze. Kama hautoi kitu, mkono ni mzima.

Pulizeni alfajiri, umande ukiwa juu ya majani na upepo umetulia. Jua likipanda na upepo ukianza, simamisheni hata kama miti imebaki. Vijana wavae barakoa na miwani. Salfa inachoma macho vibaya.

Kuhusu ile 40, usiizidishie. Mti uliokosa mzunguko hauponi kwa kupewa gramu 500. Kinachozidi kinaanguka chini. Ipe gramu 250 haraka iwezekanavyo, na siku 14 za kusubiri mzunguko unaofuata zihesabiwe kuanzia siku hiyo, si kuanzia siku ulipopuliza ile 140. Funga kitambaa kwenye mti wa mwanzo na wa mwisho wa kundi hilo ili vijana wasichanganye tarehe. Kilo 10 zinatosha kwa kazi hiyo.